Plagi Iko Hapa, Ruhusa Iko Ng'ambo

Wasee wangu, leo naanza na aibu yangu mwenyewe, halafu tutaingia kwa historia.

Mei 2024, wiki moja kabla ya Siku ya Mama, nilimfungia mathe zawadi. Yeye hufuga kuku huko Limuru, na kama unaijua Limuru, unajua baridi ya mwezi wa tano si ya mchezo. Kila akileta vifaranga wa siku moja, wiki mbili za kwanza halali. Saa nane usiku ameamka kuangalia jiko, saa kumi ameamka tena. Nikasema huyu mama amechoka. Nikanunua plagi ya waifai, kipimajoto cha waifai na balbu mbili za joto, nikaviunganisha kwa apu ya simu. Joto likishuka chini ya digrii 32, plagi iwashe balbu. Likifika 35, izime. Nikamwambia, "Mama, sasa lala." Akalala.

Jumapili tarehe 12 Mei, ambayo ndiyo ilikuwa Siku ya Mama yenyewe, nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, kaskazini mwa Durban. Mnaikumbuka hiyo siku. Video hazifunguki, meseji zinazunguka tu. Sisi wa mjini tulilalamika kidogo, tukaendelea na maisha.

Kule Limuru, usiku huo, kipimajoto kiliona baridi. Plagi ilikuwa mita mbili kutoka hapo. Stima ilikuwepo. Waifai ilikuwepo. Lakini balbu hazikuwaka, kwa sababu ile sheria yangu ya digrii 32 haikuwa inakaa ndani ya banda. Ilikuwa inakaa kwenye seva ya kampuni fulani, nchi nyingine kabisa. Kipimajoto kilitakiwa kiipigie ripoti seva, seva ifikirie, halafu itume amri irudi Limuru. Njia ilikuwa imekatika baharini. Asubuhi mathe alikuta vifaranga 41 wamekufa, wamerundikana kwa kona moja vile vifaranga hufanya wakitafuta joto.

Hakunigombeza, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Aliniuliza tu, "Baba, hii plagi si iko hapa? Ilikuwa inangoja ruhusa ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nilienda kulitafuta, na nilipolitafuta nikagundua kwamba swali la mathe ndilo historia nzima ya hizi nyumba janja. Tangu mwanzo, swali limekuwa moja: swichi ya nyumba yako iko kwa nani?

Kompyuta ya kwanza ilikaa chini ya nyumba

Watu hudhani nyumba janja ilianza na simu. Hapana. Mwaka 1966, mhandisi wa kampuni ya Westinghouse anayeitwa Jim Sutherland alijenga kompyuta nyumbani kwake Pittsburgh, Marekani, akaiita ECHO IV. Aliitengeneza kwa vipuri vilivyobaki kazini. Ilikuwa na makabati manne, uzito wake kama kilo 360, na ilikaa kwenye chumba cha chini ya nyumba. Ilipangiwa kuangalia joto la nyumba, kuendesha vifaa na kuweka orodha ya vitu vya kununua.

Angalia hapo vizuri. Kompyuta ya kwanza kabisa ya aina hii haikumwomba mtu ruhusa. Ilikuwa ndani ya nyumba, na aliyeijenga alikuwa akilala juu yake. Ilikuwa kubwa kama friji kadhaa, sawa, lakini ilikuwa yake.

Mwaka 1975 kampuni ndogo ya Glenrothes, Uskoti, inayoitwa Pico Electronics ikatengeneza mfumo wa X10. Wazo lake lilikuwa tamu: nyumba tayari ina nyaya za stima ukutani, kwa hivyo tumia hizo hizo nyaya kupitisha amri. Hakuna kutoboa ukuta upya. Unachomeka kidude kwa soketi, unakipa herufi na namba, na unaweza kuwa na anwani 256 kwa jumla. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 vilikuwa vinauzwa madukani Marekani.

X10 ilikuwa na shida zake. Amri ilikuwa inaweza kupotea njiani na usijue. Tena kwa kuwa nyaya za stima haziishii mlangoni pako, jirani mliyeungana transfoma moja angeweza kukuwashia taa bila kukusudia. Lakini hata kwa hizo shida zote, mtu mbaya zaidi wa kukuzimia taa alikuwa jirani. Unamgongea mlango mnaongea. Ungemgongea nani mlango kama aliyekuzimia yuko bara lingine?

Vile swichi ilihama

Mwishoni mwa miaka ya 1990 tayari kulikuwa na watu wanaoendesha nyumba zao kwa kompyuta zao wenyewe. Mmarekani Bruce Winter alitoa programu ya bure inaitwa MisterHouse. Ukiwa na Linux na vidude vya X10, unaipa sheria: jua likizama, washa taa ya nje. Ilihitaji mtu mwenye subira, lakini ilifanya kazi hata intaneti ikiwa imelala.

Halafu simu janja zikaja, na kila mtu akataka kuzima taa akiwa kwenye matatu. Hapa nitakuwa mkweli kwa kampuni: walikuwa na sababu. Rauta ya nyumbani imetengenezwa kuzuia watu wa nje wasiingie, kwa hivyo simu yako ukiwa mjini haiwezi kufikia balbu yako moja kwa moja. Njia rahisi ni balbu ipige simu kwa seva ya kampuni, na wewe upige kwa seva hiyo hiyo, mkutane katikati. Mteja hahitaji kujua chochote. Bofya, imewaka. Kampuni nayo inapata kitu: inajua unalala saa ngapi, na kesho ikitaka kukutoza kila mwezi, mkono wake uko kwa swichi.

Hapo ndipo swichi ilipohama. Haikuibwa. Tuliipeana wenyewe, tukasema asante.

Sasa sikia ya Revolv. Hiki kilikuwa kisanduku cha dola 299 cha kuunganisha taa, kufuli na vipimajoto vya kampuni tofauti, na kilitangazwa na ahadi ya huduma ya maisha. Oktoba 2014 kampuni ya Nest, ambayo Google ilikuwa imeinunua mapema mwaka huo kwa dola bilioni 3.2, ikainunua Revolv na kuacha kuuza kile kisanduku. Wenye navyo wakaendelea kuvitumia. Kisha tangazo likaja: kuanzia tarehe 15 Mei 2016, huduma itazimwa. Elewa vizuri. Kitu ambacho mtu alilipia, akakiweka sebuleni, kizima kabisa, kiligeuka tofali kwa sababu mtu wa mbali alizima seva. Huduma ya maisha, lakini hawakusema maisha ya nani.

Aprili 2022 ikawa zamu ya Insteon. Hao walikuwa na wateja wa miaka mingi. Siku moja watu wakaamka wakakuta apu haifanyi kazi, seva zimezimwa bila notisi. Lakini hapa kuna funzo. Wale ambao kisanduku chao cha Insteon kilikuwa kimeungwa na kompyuta yao ya nyumbani waliendelea kama kawaida. Chuma kilikuwa kizima, umeme ulikuwepo, kilichokuwa kimekufa ni ruhusa tu. Miezi miwili baadaye kikundi cha wateja wenyewe kilinunua kampuni na kuwasha seva tena. Wenye bahati. Wa Revolv hawakupata hata hiyo.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Walikuwa hawajaona plagi ya waifai, lakini walikuwa wamemaliza maneno.

Watu wa upande ule mwingine

Sambamba na hiyo hadithi kuna nyingine, na inaanza na printa.

Karibu mwaka 1980, Richard Stallman alikuwa akifanya kazi kwenye maabara ya chuo cha MIT. Walipewa printa mpya ya Xerox iliyokuwa ikikwama karatasi. Ile ya zamani alikuwa ameirekebisha programu yake ili ikikwama iwatumie watu ujumbe. Hii mpya alinyimwa msimbo wake. Printa iko hapo mbele yake, shida anaijua, dawa anaijua, lakini ruhusa hana. Ni mathe na plagi kabisa. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU, wa kujenga programu ambazo kila mtu ana haki ya kuzitumia, kuzisoma, kuzibadilisha na kuzigawa.

Kilichokosekana kilikuwa kiini, ile sehemu ya katikati inayozungumza na chuma chenyewe. Tarehe 25 Agosti 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, mwenye miaka 21, akawaambia watu kwenye intaneti kwamba anatengeneza mfumo wa bure, kama burudani tu, haitakuwa kitu kikubwa. Mwaka uliofuata akauweka chini ya leseni ya GNU. Hiyo leseni ndiyo siri. Inasema unaweza kubadilisha, lakini ukimpa mwingine, mpe pia haki uliyopewa. Leo Linux iko ndani ya kila simu ya Android, na huenda hata rauta yako inaitumia.

Kwetu Afrika kuna jina moja lazima nilitaje. Oktoba 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na wenzake walitoa Linux iliyo rahisi, wakaiita Ubuntu. Neno la Kinguni, ndugu wa damu wa neno letu utu. Kwa miaka kadhaa walikuwa wanakutumia sidii bure hadi kwa posta yako, popote duniani, stempu wamelipa wao. Wakati ambapo intaneti ya Kenya ilikuwa inategemea setilaiti, kabla ya nyaya za bahari kufika Mombasa mwaka 2009, sidii kwa bahasha ilikuwa njia halisi ya mtu kupata mfumo mzima wa kompyuta bila kuiba.

Halafu chuma kikashuka bei. Februari 2012 kule Cambridge, Uingereza, ikatoka Raspberry Pi, kompyuta ndogo kama kitambulisho, dola 35, iliyolengwa watoto wajifunze. Watu wazima wakaichukua. Mwaka 2014 kikaja kidude cha ESP8266 cha kampuni ya Espressif ya Shanghai, chenye waifai ndani, cha bei ya chini sana. Ghafla kitu kilichomgharimu Sutherland kilo 360 kikawa kinaingia mfukoni.

Na mwaka 2013, Mholanzi Paulus Schoutsen aliyekuwa akiishi California alikuwa na balbu za Philips Hue. Akaandika programu fupi kwa lugha ya Python ya kuziwasha jua likizama. Hiyo tu. Akaiachilia bure, watu wakaongeza, wengine wakaongeza. Ndiyo Home Assistant ya leo. Mwaka 2024 ilikuwa kileleni mwa orodha ya GitHub ya miradi yenye wachangiaji wengi zaidi, zaidi ya watu 21,000. Mwaka huo huo ikawekwa chini ya wakfu, Open Home Foundation, ili isije ikanunuliwa na kuzimwa kama Revolv.

Lugha ya watu wasio na bando

Kuna kipande kimoja cha hii historia ambacho Mkenya yeyote ataelewa haraka. Vidude vikizungumza na seva ya nyumbani, mara nyingi hutumia lugha inaitwa MQTT. Ilitengenezwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM pamoja na Arlen Nipper, kwa ajili ya kuangalia mabomba ya mafuta yaliyo mbali, kupitia setilaiti. Setilaiti ilikuwa ghali, kwa hivyo ujumbe ulibidi uwe mfupi ajabu.

Si mnajua kuflashi? Unapiga mara moja unakata, mwenzako anajua umefika stendi. Hakuna salio limeenda, na ujumbe umefika. MQTT ni kuflashi kwa mashine. Na kwa sababu ilizaliwa kwenye uhaba, inatufaa sisi kuliko vitu vilivyozaliwa mahali ambapo intaneti ni kama hewa.

Banda la pili

Basi nilirudi Limuru. Nilichukua laptopu yangu ya chuo, skrini imepasuka, RAM ya gigabaiti 4, ilikuwa chini ya kitanda. Nikaweka Debian, na juu yake Home Assistant. Nilienda Luthuli Avenue nikanunua bodi ya ESP8266 na kipimajoto cha waya. Sehemu ya kuunganisha balbu na stima kubwa sikuigusa, nilimwita fundi wa stima, na wewe pia mwite. Umeme hauna habari kwamba umesoma mtandaoni.

Kosa la kwanza lilinifundisha kitu, kwa hivyo sheria ya digrii 32 sikuiweka hata kwa laptopu. Niliiweka ndani ya bodi yenyewe, pale bandani. Laptopu kazi yake ni kuandika rekodi, kuchora grafu, na kupiga kelele kwa spika kando ya kitanda cha mathe joto likishuka chini ya 30. Intaneti ikikatika, laptopu inaendelea. Laptopu ikizima, bodi inaendelea. Uamuzi unakaa karibu na kifaranga.

Sitawadanganya kwamba ni raha tupu. Ukiwa na seva yako, wewe ndiye kampuni. Usipoweka nakala kwa flashi, siku diski itakufa utalia peke yako. Usiposasisha programu, unaacha dirisha wazi. Na tafadhali, usifungulie dunia nzima mlango wa rauta yako ili uone grafu ukiwa mjini. Tumia njia ya siri kama WireGuard. Kuna jioni nimekaa saa tatu nikitafuta kosa, kumbe nimeweka nukta mbili mahali si pake.

Na stima ikipotea? Betri ya laptopu inashikilia kidogo, ila balbu za joto haziwaki kwa betri ya laptopu. Mnakumbuka usiku ule karibu nchi nzima ilipoingia giza, hadi uwanja wa ndege? Ilikuwa tarehe 25 Agosti 2023, miaka 32 kamili tangu Torvalds atangaze Linux. Hakuna programu huria inayoweza kukupa stima. Ndiyo maana jiko la mathe bado liko pale, na makaa makavu kando yake. Spika inamwamsha, jiko linamalizia. Mfumo mzuri ni ule unaokubali kwamba utashindwa na unakuambia mapema.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Sisemi kila mtu awe fundi wa Linux. Nasema kabla ununue kitu chochote kinachoitwa janja, uliza muuzaji swali la mathe: nikichomoa intaneti, hii itafanya kazi? Kama jibu ni hapana, jua unakodisha. Kukodisha si dhambi, taa ya sebuleni kodisha ukitaka. Ila kufuli ya mlango, pampu ya maji, joto la vifaranga, hivyo usikodishe.

Julai, wakati Limuru inakuwa friji, mathe alileta vifaranga 200 wengine. Siku ya kwanza jioni nilikuwa nimekaa jikoni nakunywa chai nikamwona akipita kimya kimya hadi kwa rauta. Akachomoa ule waya unaoleta intaneti kutoka nje. Hakusema kitu. Akaenda bandani, akainua pazia upande mmoja baridi iingie, akasimama hapo ameshika tochi.

Tulingoja. Dakika tatu, nne. Halafu balbu zikawaka zote mbili.

Akashusha pazia, akanirudishia ule waya mkononi. "Sawa, baba," akasema. "Sasa naweza kulala."